Kipupwe na Bei ya Joto

Msimu wa baridi katika Nyanda za Juu Kusini huanza mwishoni mwa Mei, mvua zinapokatika, hufika kilele chake Juni na Julai, kisha hulegea kuanzia katikati ya Agosti. Katika Jiji la Mbeya, lililo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, alfajiri ya Julai mara nyingi hushuka hadi nyuzijoto 6 au 7. Iringa ina nafuu, kwa kuwa alfajiri zake huwa kati ya nyuzijoto 10 na 13. Njombe, iliyo juu zaidi ya miji hiyo miwili, huwa na baridi ya kung'ata mifupa, na juu kabisa, kwenye uwanda wa Kitulo wenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, usiku wa kiangazi hushuka chini ya sifuri, jalidi ikalala juu ya majani hadi jua lipande. Kwa mtu aliyezaliwa Dar es Salaam, Tanga au Unguja, hiki ni kipande cha nchi yake ambacho mwili wake haujawahi kukizoea.

Baridi hiyo ina sababu tatu. Ya kwanza ni mwinuko: kwa wastani hewa hupoteza nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo Mbeya hupungukiwa na takriban nyuzijoto 11 ukilinganisha na pwani siku hiyohiyo. Ya pili ni jua lenyewe, ambalo Juni huwa limehamia kaskazini mwa Ikweta na kuiacha nusu ya kusini ya dunia na mchana mfupi. Ya tatu ni anga. Kiangazi hakina mawingu mengi ya kuifunika ardhi usiku, hivyo joto la mchana hupanda angani na kupotea, na hewa nzito ya baridi huteremka ikatulia mabondeni. Ndiyo maana kijiji kilicho bondeni huweza kupigwa na jalidi wakati kilichoko mlimani juu yake kimesalimika.

Hata hivyo baridi ya nyanda hizi haina sura moja. Mbeya mjini, Makambako na Iringa zina baridi kavu, yenye jua kali mchana, vumbi na upepo unaopasua midomo. Tukuyu, kingo za Mufindi na sehemu za Njombe zina baridi mbichi: pepo za kusini mashariki hupanda kingo za milima zikiwa na unyevu, zikageuka ukungu na manyunyu hata katika miezi ambayo kwingine hakudondoki tone. Nguo iliyofuliwa Iringa asubuhi hukauka kabla ya mchana. Ya Tukuyu huweza kulala kambani siku mbili. Msafiri anayepanga safari kwa jina la mkoa tu, bila kujua yuko upande gani wa mlima, hubeba vitu visivyomfaa.

Kwa mwenye bajeti ndogo, kipupwe kina hesabu ya pekee. Huu ndio msimu unaofanya nyanda za juu zifikike kwa bei nafuu na wakati huohuo zilalike kwa gharama. Barabara za udongo zimekauka. Mahali ambapo Machi panahitaji gari la kukodi lenye nguvu ya magurudumu manne, Julai panafikika kwa Noah, kwa Kosta au kwa bodaboda. Njia za miguu hazina tope. Lakini jua likizama karibu saa 12 na nusu jioni, kila saa inayofuata huwa na bei yake: blanketi la pili, maji ya moto, chumba kisichopitisha upepo, chakula kilichotoka jikoni wakati huohuo. Mpango mzuri wa safari ya baridi hupunguza fungu la usafiri na kuongeza fungu la usiku. Wengi hufanya kinyume chake, kwa kuwa wamezoea kupanga safari kwa kuhesabu kilomita.

China, nchi ambayo Watanzania wengi hufikiria theluji inapotajwa, inasaidia kulielewa jambo hili. Wastani wa joto la Januari mjini Beijing ni nyuzijoto 3 hivi chini ya sifuri. Hata hivyo, tangu miaka ya 1950, miji iliyo kaskazini mwa milima ya Qinling na mto Huai imekuwa ikipashwa joto kwa mabomba kutoka mitambo ya pamoja, na Beijing huwashiwa joto hilo kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Baridi ya mji huo huishia mlangoni. Kusini mwa mstari huo nyumba nyingi hazikuunganishwa na mfumo wa namna hiyo, na watu hukaa sebuleni na makoti yao. Kunming, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, unakaribiana na Mbeya kwa hali ya hewa, na msimu wake wa baridi ni wa nyumba zisizo na joto. Mbeya na Iringa ziko katika kundi hilo la pili. Nyuzijoto 7 za nje si baridi ya kutisha, ila chumba kikiwa na nyuzijoto 10 usiku kucha, kuta zikiwa za tofali la saruji na sakafu tupu, mwili huchoka kuliko wa mtu anayepita kwenye theluji dakika kumi na kuingia ndani penye joto. Kwa sababu hiyo msafiri wa nyanda za juu hapaswi kuuliza nje kuna baridi kiasi gani. Anapaswa kuuliza ndani kukoje.

Njia kuu ya kufika ni barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia, inayopita Morogoro na Mikumi, ikapanda Mlima Kitonga kwa kona zake, ikakatiza mashamba ya nyanya na vitunguu ya Ilula kabla ya Iringa. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na hadi Mbeya zaidi ya 800. Nauli za mabasi husimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa madaraja, kwa hiyo tofauti kati ya basi la kawaida na la daraja la juu inajulikana kabla ya kukata tiketi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wengi hulichagua basi la usiku ili kuokoa gharama ya gesti. Akiba hiyo ni ya kweli, ila wakati wa kipupwe ina makato. Basi la usiku huvuka Mafinga na Makambako katika saa zenye baridi kali kuliko zote, na abiria aliyepanda Dar es Salaam na fulana huteremka Mbeya akitetemeka, akaanza siku kwa kununua sweta la kwanza analoliona, kwa bei ya kwanza anayotajiwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ratiba hazilitaji. Mbeya iko magharibi zaidi ya Dar es Salaam ilhali saa ni moja, kwa hiyo Juni jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, takriban nusu saa baada ya la pwani. Anayedamka saa 11 alfajiri kuwahi gari la Tukuyu au Chunya atasimama stendi gizani kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Asiye na haraka atapanda gari la saa 2, jua likiwa limeshafika mabegani, na nauli ni ileile.

Njia ya pili ni reli ya TAZARA, na hapo China huingia katika habari hii kwa mlango wake yenyewe. Makubaliano ya kuijenga yalitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970 kwa mkopo usio na riba kutoka China, na mwaka 1975 reli ikafika Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote ni cha kutoka Mlimba, katika bonde lenye joto la Kilombero, kupanda hadi Makambako. Humo madaraja na mahandaki yamefuatana, likiwamo daraja la mto Mpanga lenye nguzo zenye urefu wa karibu mita 50. Sehemu ya juu kabisa ya reli yote iko Uyole, nje kidogo ya Mbeya, mita 1,789. Wakati maelfu ya Wachina wakifanya kazi katika nyanda hizi, karibu vijana 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa mwaka 1972 kusomea kazi za reli katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, Beijing, nao wakaonja baridi ya upande wa pili.

Kwa msafiri wa leo, treni hiyo ina faida ya kitanda. Daraja la kwanza lina vyumba vya vitanda vinne, la pili vitanda sita, na la tatu ni viti. Mwenye bajeti ndogo hupata usafiri na malazi ya usiku mmoja kwa tiketi moja. Gharama iliyofichika ni muda: ratiba hubadilika na ucheleweshaji ni jambo la kawaida, hivyo ni lazima kuuliza stesheni wiki ileile ya safari. Treni iliyopangwa kufika Mbeya mchana ikifika usiku wa manane, abiria anateremka stesheni iliyo nje ya katikati ya jiji, katika saa ambayo bajaji ni chache na bei zao zimepanda. Pesa ya bajaji hiyo na ya chumba cha dharura ihesabiwe tangu mwanzo. Hali hiyo huenda ikabadilika, kwani mwaka 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua reli hii.

Malazi ndiyo moyo wa bajeti ya kipupwe. Miji yote ya njiani ina gesti za bei ndogo, na karibu kila mji una hosteli za makanisa, kwa kuwa wamisionari waliingia mapema katika nyanda hizi: Wamoravian walianza Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wana vituo Iringa na Njombe. Hosteli hizi hazina anasa, ila huwa safi, tulivu na salama. Chumba cha bei ndogo kikaguliwe kabla ya kulipiwa, na ukaguzi wa baridi ni tofauti na wa joto. Pwani mtu hutazama feni na chandarua. Mbeya anapaswa kutazama dirisha kama lina kioo kizima, mlango kama umeacha nafasi chini, kitanda kama hakigusi ukuta wa nje, na blanketi kama ni zito au ni shuka lenye manyoya. Hita ya maji ijaribiwe papo hapo, kwa kufungua bomba na kusubiri, kwa sababu swichi kuwaka taa nyekundu si ushahidi wa maji ya moto. Pasipo na hita, muulize mhudumu kuhusu ndoo. Gesti nyingi huchemsha maji jikoni na kumpelekea mgeni kwa makubaliano. Wakati mzuri wa kuoga ni jioni kabla jua halijazama, wala si alfajiri.

Kalenda nayo ina bei yake. Wiki ya kwanza ya Agosti, viwanja vya John Mwakangale mjini Mbeya huwa na maonyesho ya Nane Nane ya kanda, na vyumba vya bei ndogo hujaa mapema. Anayetaka maonyesho alipie chumba kabla. Asiyeyataka apange Mbeya kuwa Julai na kuacha Agosti kwa Iringa au Mufindi.

Onyo moja halina nafasi ya mjadala. Kila kipupwe, katika nchi yoyote ambayo watu huota moto ndani, kuna wanaolala na jiko la mkaa chumbani na hawaamki. Mkaa unaoonekana umeshika vizuri, usiotoa moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha kwa mtu aliyelala. Jiko huotwa barazani au jikoni, mlango ukiwa wazi, na hubaki huko. Chumbani huingia chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuzungushiwa taulo, ikawekwa miguuni. Haigharimu zaidi ya maji yaliyochemshwa.

Mavazi huogopesha wasafiri wa pwani kuliko inavyostahili, kwa kuwa hufikiria maduka ya nguo mpya. Nyanda za juu zina jawabu lao la siku nyingi, nalo ni mitumba. Makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya Ulaya na Asia ya theluji huletwa kwa mabelo, na katika masoko kama Mwanjelwa mjini Mbeya huanikwa kwa mamia. Belo likifunguliwa asubuhi, wanaowahi huchagua yaliyo bora kwa bei ya juu, na kadiri siku inavyokwenda bei hushuka pamoja na ubora. Mnunuzi mzoefu haanzi na rangi. Hupandisha na kushusha zipu mara mbili tatu, kwa kuwa zipu mbovu hulifanya koti zima kuwa shuka. Huligeuza ndani nje aone bitana, hutia mkono mfukoni hadi pembeni kutafuta tundu, hukunja mkono wa koti aone kama linamruhusu kuvaa sweta ndani yake, kisha hulinusa. Baada ya hapo ndipo huuliza bei, huku amelishika kama mtu asiyelihitaji sana.

Kanuni ya kuvaa ni tabaka, si unene. Fulana inayobana mwili, sweta la sufu au la manyoya, kisha jaketi linalozuia upepo hutunza joto kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa inayonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo inayokinga. Tabaka pia hulingana na siku ya kipupwe, ambayo asubuhi hudai kila kitu na saa 7 mchana huruhusu fulana. Kofia ya sufu na soksi nene hugharimu kidogo na husaidia sana usiku. Kwa upande wa Tukuyu na Mufindi, koti jepesi la mvua lina thamani kuliko sweta la pili. Mafuta ya mgando kwa midomo na mikono si urembo. Na chandarua kisisahaulike kwa mtu atakayepita Kilombero, Usangu au Kyela, kwani mbu hawajui kama msafiri ametoka kwenye baridi.

Chakula ni eneo ambalo nyanda za juu humrudishia mtu pesa yake. Mazao ya mikoa hii ndiyo yanayolisha miji mingine, na hapa huliwa kabla hayajaongezewa nauli: viazi mviringo, maharage, mahindi, mchele wa Mbarali na Kyela, parachichi za Rungwe na Njombe, ndizi za Tukuyu ambazo Wanyakyusa huzipika mbalaga. Mama lishe anayefungua asubuhi na supu na chapati, au chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, hutoa joto la saa nne kwa bei isiyofika nauli ya bajaji ndefu. Mwili unaopambana na baridi hutumia chakula zaidi, na anayebana tumbo ili kuokoa pesa atailipa akiba hiyo usiku kwa kukosa usingizi. Pombe haipashi joto: hufungua mishipa ya ngozi na kulifanya joto la mwili lipotee haraka. Ulanzi, uliolipa eneo la Iringa sifa, ni wa msimu wa mvua, mianzi inapochipua, na anayeufuata Julai kwa kawaida huwa amechelewa.

Vya kutazama havihitaji fedha nyingi. Karibu na Iringa, kiasi cha kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya, kuna Isimila, mahali palipogunduliwa zana za mawe za kale mwaka 1951, pamoja na korongo lenye nguzo zilizochongwa na mvua. Upande mwingine, Kalenga, kuna makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, aliyefariki mwaka 1898 na ambaye fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kote huko hufikika kwa siku moja kwa daladala na bodaboda, na saa nzuri ni kuanzia saa 4 asubuhi, baridi ikiwa imevunjika. Karibu na Mafinga kuna msitu wa kupandwa wa Sao Hill na mashamba ya chai ya Mufindi, ambako matembezi ya miguu ndiyo burudani yenyewe.

Kitulo inahitaji uamuzi. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, huchanua kati ya Desemba na Aprili, pamoja na okidi zake. Anayekwenda Julai hakuti maua hayo. Hukuta nyasi za rangi ya shaba, anga safi, na mwonekano unaofika mbali kuliko wakati wa mvua. Kwa kuyakosa maua hupata barabara kavu, ikiwamo ile inayopanda kutoka Chimala hadi Matamba kwa kona zinazojulikana kama Hamsini na Saba. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango kidogo kuliko wageni. Mwenye vifaa vichache alale Matamba na kupanda uwandani mchana, kwa sababu kupiga hema huko juu katika msimu huu kunahitaji mfuko wa kulalia wa daraja la theluji, na kuukodi au kuununua kutameza fungu lote. Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta kusini mwa Mbeya, hupandwa kwa miguu msituni pamoja na mwongozaji wa pale, na ukungu ukitanda huenda mtu akafika ukingoni asione maji. Siku ya akiba ni nafuu kuliko kurudi tena kutoka mbali.

Na baridi ikizidi uvumilivu, joto halinunuliwi, hushukiwa. Kutoka Tukuyu barabara huteremka hadi Kyela na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kwa nauli ya Kosta mtu hupata nyuzijoto kumi na zaidi ambazo hakuna hita ingempa. Ziwa lenyewe huchafuliwa na upepo wa mwera katika miezi hii, kwa hiyo mitumbwi iulizwe kwa wavuvi kabla. Kwa jumla, mpangilio unaofaa mwili na mfuko ni kuanza Iringa palipo na nafuu, kununua koti kabla ya kupanda zaidi, kupitia Mufindi au Njombe, kufika Mbeya na Kitulo mwili ukiwa umezoea, kisha kumalizia Kyela.

Hesabu ya mwisho hugawanywa kwa usiku badala ya kilomita. Kwanza hutengwa nauli za kwenda na kurudi, zisiguswe. Kisha kila usiku hupewa fungu lake: chumba, maji ya moto na mlo wa jioni. Koti na sweta huhesabiwa mara moja, na sehemu ya pesa hiyo hurudi kwa anayeviuza mwishoni. Viingilio na waongozaji hufuata, na mwisho huwekwa akiba ya usiku mmoja wa ziada kwa ajili ya treni iliyochelewa au ukungu usiotaka kuondoka. Fungu likipungua, hukatwa idadi ya vituo. Blanketi na mlo wa jioni haviguswi, kwa kuwa siku tatu zenye usingizi huonyesha mengi kuliko siku sita za kutetemeka.